Kipepeo wa Faki na Kipepeo wa Mize

Sogeeni karibu, kisa hiki kinahitaji mahakimu.

Katika kisiwa kimoja cha mikarafuu waliishi watu watatu. Padri Anselmi, aliyekuwa akiwapelekea wataalamu wa Ulaya vipepeo, alijaliwa jicho la kuwapambanua. Faki alijaliwa mkono mwepesi: alimnasa kipepeo kwa wavu bila kumpukutisha vumbi la mbawa. Mize, mama wa mtoto mchanga, alijaliwa subira ya kulea.

Faki ndiye aliyemleta kipepeo wa manjano mwenye mikia. Alitumbukia topeni kwa ajili yake, akaibuka wavu ukiwa juu. Padri, akijua Faki hana mtoto, alimwambia mbele ya majirani, "Huyu ataitwa kwa jina lako. Litasomwa Ulaya hata ukiwa kaburini."

Mize ndiye aliyemwonyesha Padri kipepeo mweusi asiye na mikia, akitaga mayai kwenye mlimau wake. Wanawake wenzake huwamwagia viwavi majivu ili wafe. Yeye aliwalisha majani mabichi kila alfajiri, mtoto mgongoni. Padri akasema, "Na huyu ni wa Mize."

Padri ndiye aliyelinganisha na kuamua: aina mbili, majina mawili.

Kisha viwavi wa Mize wakaota mbawa. Majike walitoka weusi kama mama yao. Madume wakatoka wa manjano, na mikia!

Padri alihisi uso unamwaka. Kumbe aina ni moja, na jina ni moja.

Majirani walivunjika mbavu: dume ni Faki, jike ni Mize! "Faki, umeoa na hukutualika?"

"Mumewe Mize ana habari?"

Mize alijifunika uso kwa kanga. Faki aliinamisha kichwa. Aibu ile Padri ndiye aliyewavisha.

Angeweza kunyamaza, akapeleka majina yote mawili. Huko Ulaya nani angejua? Akawanong'oneza hivyo.

"Usiseme uongo kwa ajili yetu, Padri," Mize akamjibu. "Jina mpe kaka Faki. Mimi ninaye huyu wa kunikumbuka." Akampapasa mwanawe.

"Hapana, dada," Faki akasema. "Usingewalea, tungekuwa gizani bado. Padri, mpe yeye."

Hapo Padri akashindwa kuwatazama. Wangemtukana, ingekuwa nafuu.

Meli imeshatia nanga, sanduku la vipepeo wa kwenda Ulaya li wazi. Padri amesimama, kalamu mkononi, na kile kikaratasi cha jina bado kitupu.

Je, ingekuwa wewe, ungeandika jina la nani? Na yule wa pili ungemtazamaje usoni?