Mji wa Kijani wa Bwana Fisi

Zamani hizo, kabla wanyama hawajazoea kudanganyana kwa rangi, ukame ulilipiga Bonde la Mikuyu hadi mito ikabaki mchanga mtupu. Ilisalia chemchemi moja, na pembeni yake, kwenye matete, Sungura alikuwa akilea wanawe.

Simba, mfalme asiyependa kupitwa, akasikia kwamba jirani yake Chui ana mji wa kijani wenye ubaridi. "Nataka mji wa kijani," akanguruma. "Nikiutazama kutoka kilimani, ung'ae. Nani ataujenga?"

"Mimi, Mtukufu," Fisi akadakia, mate yakimtoka. "Ila fundi hafanyi kazi na njaa."

Akapewa nyama, akala bila haya. Kisha akakata mikuyu yote apate nafasi ya majengo, akatwanga majani, akapaka kuta, mawe na hata visiki. Mafuta ya kushikisha rangi aliyalamba yeye. Kutoka kilimani mji ulikuwa kijani kweli, na Simba akaanza kumwita mtaalamu. Mtaalamu, ati!

Sungura akamwendea Fisi. "Ndugu yangu, tangu ukate mikuyu joto limezidi, na maji yanapungua."

"Wewe wa kwenye matete utajua nini mambo ya mipango miji? Uzinduzi ukiisha tu, naifukia hiyo chemchemi. Matope yake yanaharibu mandhari."

Sungura akarudi, akawatazama wanawe wakinywa. Alikwenda kuomba kazi ya kukaribisha wageni.

Siku ya uzinduzi ikafika, jua la utosi, nyama inanukia. Sasa, bondeni kulikuwa na desturi: hakuna anayekula juani. Kila mgeni huketishwa kwanza kwenye kivuli cha mti wa mwenyeji. Sungura akainama kwa adabu. "Bwana mtaalamu, mfalme tumketishe kivuli kipi?"

Fisi akatazama huku, visiki. Akatazama kule, visiki. Nyama nayo inapoa. Njaa ikamzidi akili, akasema, "Mtukufu, egemea ukuta huu. Una kijani cha kutosha."

Simba akaegemea, jasho likimtiririka. Alipoinuka kuhutubia, mgongo, mkia na nusu ya manyoya ya shingo vilikuwa kijani, na ukuta nyuma yake udongo mtupu. Pundamilia akainamisha kichwa. Nyani akaziba mdomo.

"Sungura," Simba akauliza polepole, "hii nini?"

"Ndio mji wako, Mtukufu. Umeuvaa wote."

Chemchemi haikufukiwa. Wanyama wakapanda mikuyu kuizunguka, na Fisi akaamriwa apande wake, aumwagilie, na asile karamuni mpaka akae kwenye kivuli chake. Mche wenyewe ulikuwa na majani mawili. Fisi akajikunja, akajibana, akalala kifudifudi, lakini kilichoingia kivulini ni pua peke yake.

Wenzake, wakigawana nyama, wakaona haki itendeke: pua wakairuhusu inuse.