Utando wa Buibui

Walikuwapo Yudita Chilewa, mjane wa mwalimu. Yona Mugoha, mchonga mizinga ya nyuki. Na Zakaria Masima, aliyepakata ilimba yake. Nikawaambia hadithi iko mlangoni. Wakajibu: "Ifungulie, ikae nasi."

Hapo kale, huku Ugogo, palikuwa na mpiga ilimba, jina lake Ndahani. Ilimba mnaijua: kisanduku cha mti, vyuma juu yake, vidole gumba juu ya vyuma. Kwenye tundu la kisanduku mababu walibandika utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando unakoroma.

Basi palikuwa na binti, jina lake Sechelela, mama yake akafa. Siku ya kwanza Sechelela hakulia, hakula, hakunywa. Siku ya pili hakulia, hakula, hakunywa. Siku ya tatu midomo ilikuwa imepasuka, na ndugu zake wakaona watazika wawili. Wakamwita Ndahani.

Njiani akamkuta Mbijili, mpiga ilimba asiyeitwa popote.

"Ndugu yangu," akasema Mbijili, "unakwenda kwa wafiwa na uchafu wa buibui? Hata kibuyu cha maziwa huoshwa."

Ndahani akaona haya. Akaufuta utando, akalisugua tundu kwa mchanga.

Akafika, akapiga. Sauti ikatoka safi kama maji ya mwambani. Watu wakasifu, Sechelela akatazama ukuta. Akapiga tena. Watu wakasifu, Sechelela akatazama ukuta. Akapiga mara ya tatu. Mbijili, aliyemfuata nyuma, akawanong'oneza watu: "Huyu kaja harusini."

Uzuri wa mkakasi, jamani, ndani kipande cha mti.

Ndahani akainuka. Akaenda zizini, akapapasa ukuta, akapata utando mwingine, akaubandika kwa mate. Akarudi, akakaa, akapiga.

Ilimba ikakoroma. Ikakwaruza kama koo la mwanamke aliyeita ng'ombe miaka arobaini.

Sechelela akageuka.

"Huyo ni mama," akasema. "Anauliza kama nimekula."

Akalia. Akalia mpaka wanawake wakamshika mabega. Kisha akaomba maji.

Yona aliniuliza kwa nini sauti safi ilishindwa, ikaweza iliyokwaruza. Nilimwambia sijui, amuulize Zakaria. Zakaria alibonyeza chuma kimoja tu. Utando ukakoroma, na Yudita akainamisha kichwa.

Nikasema hadithi imetoka. Wakajibu: "Mlango tumeurudisha."

Zakaria Masima alifariki Jumanne iliyofuata, na hakuna aliyeufuta utando wa ilimba yake.