Nungunungu Aliyeokota Taka za Njia Panda

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo.

Shimo la nani?

La Nungunungu, na milango yake miwili. Nyamazeni basi, na wewe hapo nyuma acha kutafuna muwa.

Hapo zamani za kale, Muhanga, fundi wa kuchimba, alimchimbia Nungunungu shimo. Akamwambia, "Jirani, mlango huu wa mbele ni wa kuingilia. Ule wa nyuma ni wa kukimbilia. Usiuzibe hata siku moja."

"Nimesikia, fundi," akasema Nungunungu. Kusikia alisikia.

Nungunungu alikuwa na mke, jina lake Mize. Alikuwa mpole, na mumewe alimpenda kweli. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma kila nikikisimulia.

Sasa, wanyama wa nchi ile walikuwa na desturi. Siku ya mwaka mpya, kila mmoja hufagia nyumba yake, huzima moto wa zamani, na taka zote pamoja na majivu huzitupa njia panda. Wakiisha kutupa, hawageuki nyuma. Walisema kilichotupwa kimeondoka na nuksi yake.

Mwaka wa kwanza, wenzake walikwenda kutupa. Nungunungu alikwenda kuokota. Akarudi na kinu kilichopasuka, huku anaimba:

*Weka, weka, kitafaa,*
*Hakuna cha kukataa!*

"Mume wangu, tutakiweka wapi?" akauliza Mize.

"Kule nyuma. Nani anapita kule?"

Mwaka wa pili akarudi na mtungi, anaimba:

*Weka, weka, kitafaa,*
*Hakuna cha kukataa!*

"Mume wangu, mtungi huu hauna kitako."

"Kitako kitapatikana."

Nao ukaenda nyuma.

Mwaka wa tatu Mize alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Akamshika mumewe mkono. "Leo sikuombi nguo, sikuombi chakula. Nakuomba nafasi. Nataka pa kujinyoosha nikizaa. Nenda ukatupe kama wenzako."

"Nitatupa kesho, mke wangu. Leo nikichelewa, vizuri vyote vitaokotwa na wengine."

Wengine gani? Katika nchi nzima alikuwa akiokota yeye peke yake, mpumbavu yule!

Akaenda, akarudi na mkeka chakavu na chungu kilichojaa majivu. Akavibwaga mlangoni, akakimbilia mzigo wa pili. Hakutazama ndani ya chungu. Chini ya majivu palikuwa na kaa la moto, bado li hai.

Upepo ukavuma. Kaa likaushika mkeka, mkeka ukazishika nyasi za mlangoni. Moshi ukaingia ndani.

Mize akakimbilia mlango wa nyuma.

Nungunungu alikuwa njiani, mzigo kichwani, anaimba. Akauona moshi. Akautupa mzigo, na hicho ndicho kitu cha kwanza alichowahi kutupa maishani mwake.

"Fundi! Fundi Muhanga! Mke wangu!"

Muhanga akaja mbio, akachimba upande wa nyuma. Wakamkuta Mize. Mtungi alikuwa ameusogeza. Kinu kilimshinda. Alikuwa amelala kando yake, kucha zimeng'oka, na mtoto yumo tumboni. Wote wawili wamekufa.

Mazishini Kima akakiona kinu. "Mbona hiki ni changu? Nilikitupa mimi!" Kobe naye akautambua mtungi wake.

Matanga yalipokwisha, Nungunungu akabeba kila kitu, akakipeleka njia panda. Akaenda mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, akaenda mara ya tatu. Hakuimba, wala hakugeuka nyuma. Shimo likawa jeupe. Upepo ukawa unaingia huku, unatokea kule.

Akalala katikati, akanyoosha miguu. Haikugusa kitu.

"Kumbe shimo letu kubwa hivi," akasema.



Mtaniambia, akiba haiozi. Kweli haiozi, lakini taka si akiba. Mwenye kuijaza nyumba vitu huwanyima nafasi watu wake, na nafasi ikija baadaye, huja bila wao. Nendeni mkatazame milango yenu ya nyuma.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa nzuri, ichukueni. Ikiwa mbaya, njia panda mnaijua. Ila mkiisha kuitupa, asiiokote mtu.