Kiboko, Mkaguzi wa Vyungu

Sufuria iko wapi?
Iko motoni!
Ina mfuniko?
Imefunikwa!
Basi sogeeni, nipakue.

Hapo kale wanyama walikuwa na soko lao kando ya mto. Kobe aliuza uji. Kanga aliuza maharage. Na Bi Pimbi, yule mdogo wa majabalini, mfupi kuliko mwiko wake mwenyewe, aliuza wali wa nazi. Kila mnyama alikula hapo na kuondoka akijipapasa tumbo.

Siku moja Kanga alibakiza maharage. Hakuyafunika. Yakalala wazi hadi nzi wa asubuhi wakayakuta, wakatembea juu yake watakavyo. Kanga akayapasha moto juu juu, akamuuzia Nguchiro. Maskini Nguchiro. Tumbo lilimkata, akatapika, akaharisha, akalala chali akitazama mawingu kama mtu anayeyaaga. Alipona, lakini soko zima liliingiwa na hofu. Kanga alilia kwa aibu, akaapa kwamba hatauza tena kilicholala. Wanyama wakakaa kikao, wakakubaliana kuwa lazima apatikane mkaguzi wa kuangalia chakula kabla hakijauzwa.

Ndipo Kiboko akatoka mtoni, maji yakimchuruzika, churu churu churu. Akasema kazi hiyo inamfaa yeye, kwa kuwa pua yake ni kubwa kuliko ya mwingine yeyote. Wanyama wakaitazama ile pua. Kubwa kweli. Wakampa kazi.

Kesho yake akaanza kwa Kobe. Akafunua chungu, akanusa, fuu fuu fuu.

"Umechacha," akasema.

Kobe akamweleza kwamba uji ndio kwanza umeepuliwa, hata mvuke haujakwisha. Kiboko akajibu kwamba mwenye pua ni yeye. Tena akasema chakula kibovu hakimwagwi ovyo, watoto wasije wakakiokota; mahali salama pa kukitupa ni tumboni mwake. Akaachama. Gubu gubu gubu, uji ukaisha.

Akaenda kwa Kanga. Akafunua chungu, akanusa, fuu fuu fuu.

"Yamechacha."

Kanga aliyapika maharage yale alfajiri hiyo hiyo, lakini kwa aibu ya yale ya Nguchiro hakuthubutu kubisha. Gubu gubu gubu, maharage yakaisha.

Akaenda kwa Bi Pimbi. Akafunua sufuria, akanusa, fuu fuu fuu. "Umechacha." Gubu gubu gubu, wali ukaisha, na mwiko akaulamba.

Ikawa hivyo kila siku. Wauzaji walirudi nyumbani na vyungu vitupu, wateja wakarudi na matumbo matupu, na Kiboko akanenepa mpaka njia ya kwenda mtoni ikawa haimtoshi. Jioni moja Bi Pimbi aliwakuta wanawe wamejiinamia ndani ya sufuria, wanalamba ukoko. Akasimama mlangoni kwa hasira. Kisha akatoka, akaenda kumuuliza Nguchiro jinsi alivyotibiwa siku ile ya maharage. Nguchiro akamweleza yote. Aliposikia sababu ya kuulizwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kulipokucha, Bi Pimbi alinawa mikono, akachagua mchele, akakuna nazi, akachuja tui zito. Wali ulipoiva, harufu yake ilivuka mto. Akawaita wanyama wote waje kushuhudia ukaguzi. Hata Tembo alikuja, na Tembo alikuwa na njaa ya tangu juzi.

Kiboko akafika, akanusa, mate yanamdondoka.

"Umechacha."

Bi Pimbi akamwomba aseme mbele ya wote, wasije wakadhani amesikia vibaya. Kiboko akatangaza kwamba wali ule ni mbovu kabisa, haumfai kiumbe yeyote. Gubu gubu gubu, ukaisha.

Hapo Bi Pimbi akaketi chini, akaanza kulia. Akasema analia kwa kumwonea huruma Bwana Mkaguzi. Nguchiro alikula bakuli moja tu la chakula kibovu akakaribia kufa. Sembuse huyu aliyekula kibovu cha soko zima, kila siku, kwa ajili yao. Atibiwe haraka.

"Mimi ni mzima," Kiboko akasema.

"Kama wewe ni mzima, basi chakula kilikuwa kizima," akasema Bi Pimbi huku akifuta machozi. "Na kama kilikuwa kizima, umekuwa ukituibia. Chagua mwenyewe, Bwana Mkaguzi. Unaumwa, au unaiba?"

Kiboko akamtazama Kanga, akamtazama Kobe, akamtazama Tembo. Alimtazama Tembo kwa muda mrefu zaidi.

"Naumwa," akasema. "Kidogo."

Nguchiro akaleta ndoo ya mwarobaini uliochemshwa. Kiboko akanywa, uso ukamkunjika hadi masikio yakakutana. Baada ya hapo akapewa maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo. Chakula, hapana, mgonjwa wa tumbo apumzishe tumbo, wakamwambia, na asisogelee jiko la mtu. Hayo ya kumnyima chakula Nguchiro aliyatunga palepale. Wakamuuguza kwa mapenzi makubwa, wamemzunguka pande zote, wakimpa pole. Kando yake Bi Pimbi akabandika wali mwingine, na kila upepo ulipovuma kuelekea kwa mgonjwa, alifunua sufuria.

Tumbo la Kiboko likanguruma, guru guru guru.

"Mnasikia?" akauliza Nguchiro. "Ugonjwa bado umo. Ndoo nyingine."

Akanywa. Upepo ukavuma, sufuria ikafunuliwa, tumbo likanguruma, guru guru guru. Ndoo nyingine.

Mwishowe Kiboko akafumba macho. "Wali ulikuwa mtamu," akasema. "Na uji, na maharage. Hakuna kilichochacha hata siku moja."

Soko likalipuka kwa vicheko. Tembo alicheka mpaka majani yakapukutika mtini. Kiboko akavuliwa ukaguzi, akapewa kazi ya kuchota maji na kusugua masufuria, naye akala baada ya wateja kushiba. Nguchiro ndiye aliyeshika ukaguzi: alitazama, alinusa, aliuliza chakula kimepikwa lini, akapita. Mchana ule wanyama walikula na kucheza ngoma, na watoto wa Bi Pimbi walisinzia mikono ikiwa bado sahanini.

Hadithi nimeiepua, moto nimeuzima, aliyeungua ulimi apulize. Funzo lake ni hili: kamwe usimwamini anayetaka kuonja chakula chako kwa faida yako. Sasa, kabla hamjatawanyika, nani ana wali hapo nyuma? Aulete mbele niuonje kwanza, kwa faida yenu.