Njuga ya Kicheche

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kufunga milango kama sisi, alikuwepo Kicheche mmoja, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Kicheche huyu aliiba yai la Mama Kanga. Hakuwa na njaa, nawaambia ukweli. Alikuwa ameshiba, akaliona, akalitamani, akalibeba. Wakamkamata, wakamchimbisha kisima cha mji msimu mzima, na alipomaliza wakamfunga njuga mguuni. Ndiyo ilikuwa sheria yao: aliyeiba mara moja avae njuga hadi kufa, ili wenye nyumba wamsikie akija.

Basi kila alikokwenda, chaka, chaka, chaka. Akienda kuomba kibarua cha kulima, mlango paa. Akienda kuomba maji ya kunywa, kwenye mji aliouchimbia kisima yeye mwenyewe, mlango paa. Hakuna aliyechungulia. Walizoea kufunga kwa kusikia tu. Njaa ikambana, akarudi kuiba yai kwa Mama Kanga yuleyule, na njuga ileile ikamkamatisha. Mara hii ikaamuliwa avushwe mto, apelekwe ng'ambo wanakoishi fisi. Mnyama wa kimo chake akivushwa huko, habari zake hazisikiki tena.

Hakimu wa mji alikuwa Mzee Kiboko. Asubuhi ya siku ya hukumu alikwenda kwenye kibanda alimofungiwa Kicheche, chini ya ulinzi wa Kobe. Akamwambia kwamba yeye ni mwizi wa kuzaliwa, na hata akipewa shamba zima ataiba jembe.

"Yai la kwanza niliiba mwenyewe, mzee," Kicheche akasema. "Lakini la pili mlinisukuma nyinyi, mlango kwa mlango."

Kiboko akacheka hadi kibanda kikatikisika. "Yaani hiyo njuga ndiyo inakusukuma? Mimi ningeivaa kutwa nzima nisiguse hata jani la mtu."

"Basi ivae leo. Jua likizama hujagusa cha mtu, nitavuka mto mwenyewe. Ukigusa, sivuki."

Kiboko alikuwa na kiburi kikubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lake mnalijua. Akaapa, akamfungua Kicheche njuga, akatoa mguu, naye Kicheche akamfunga kwa fundo la kumtoa jasho. Kisha akapendekeza, kwa heshima zote, Kobe atumwe mbele kuutangazia mji. Kobe akaondoka pale pale. Nanyi mnajua Kobe akibeba habari inafika lini.

Sasa, siku ya hukumu hakimu hakula kwake. Desturi ilikuwa apite nyumba hadi nyumba, kila nyumba imlishe, asije akaonekana kashibishwa na upande mmoja. Kiboko akaelekea kwa Nungunungu, aliyesifika kwa viazi, mate yakimjaa mdomoni. Chaka, chaka, chaka. Mlango paa.

"Ni mimi, hakimu wenu," Kiboko akanguruma.

"Tokomea, Kicheche," Nungunungu akajibu kutoka ndani. "Umetoroka, na sasa unaiga hadi sauti ya mzee?"

Kwa Ngiri ikawa hivyohivyo. Kwa Nyani wakamwagia nje maji ya kuoshea vyombo, bila hata kutazama yanamwangukia nani. Kiboko alianza kwa kufoka, kisha akabembeleza, mwishowe akasimama njiani, mtu mzima, machozi yakimlengalenga. Msicheke. Njaa inauma, na kukataliwa kunauma zaidi.

Alasiri akafika nyuma ya nyumba ya Mama Kanga, penye maboga. Akajiambia atachukua moja tu na kueleza baadaye. Likafuata la pili. Akiwa na jingine mdomoni, mji mzima ukatoka na fimbo kumpiga mwizi, ukakuta ni hakimu. Wote wakaduwaa. Hapo ndipo Kobe alipofika, akihema, kuwatangazia kwamba leo mzee amevaa njuga.

Kicheche akaletwa. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. "Mzee, huyo mwizi wa kuzaliwa ni yupi?"

Kiboko akameza boga. Wengine wakaanza kusema kumbe Kicheche hana kosa, mwizi ni njuga. Mama Kanga akawakata kauli kwa hasira.

"Mayai yangu hayakuliwa na njuga," akasema. "Yaliliwa na huyu. Leo yangekuwa watoto wangu, wananiita mama."

Kwa mara ya kwanza ulimi wa Kicheche ukawa mzito. "Ni kweli, mama. Nililala nimeshiba wanao. Nipe kazi ya kulinda kiota chako, na nikiiba tena nivusheni. Lakini nikija kwako, sikiliza hodi yangu, usisikilize mguu wangu." Kisha akawageukia wote. "Na njuga hii sivai tena. Kama ni kuvushwa mto, twendeni sasa hivi, ila mzee atangulie. Sheria ni moja."

Kiboko akautazama mto, akamtazama Kicheche, akaona haya kweli kweli. Akaikata njuga kwa meno na kuitema majini.

Asubuhi yake Kicheche akasimama mlangoni kwa Mama Kanga, akabisha hodi.  Kisha mlango ukafunguka kidogo, Mama Kanga akachungulia, fimbo mkononi.

"Karibu," akasema, "lakini fimbo siiweki chini."

"Ishike tu, mama," Kicheche akajibu, akaingia.

Hadithi yangu nami naiacha hapo mlangoni, na fundisho lake ni hili: wizi wa kwanza mwulizeni mwizi, wa pili mwulizeni mwizi, kisha mjiulize na nyinyi.