Bastola Mbili za Dagoretti Corner

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ambao mwenyewe ameutumia miaka mingi bila kudhurika. Msala ni mkeka mzuri, lakini ule upitao uko begani mwa mtu mwingine, nao haukawii kutoweka. Wahenga waliotukanya tusiache cha kwanza kwa kukitamani cha pili hawakuwa wakizungumzia mikeka pekee.

Kiema alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Dagoretti Corner. Baada ya kuvamiwa na majambazi, aliomba kumiliki silaha. Alichunguzwa, akahojiwa, akafunzwa shabaha, na hatimaye akapewa cheti. Bastola yake ilikuwa nyeusi tititi, isiyo na pambo lolote. Aliivaa kiunoni chini ya koti, na wateja wake wengi hawakujua kama ipo.

Jirani yake Obuya, muuza vipuri vya magari, naye alikuwa na cheti na bastola kama hiyo. Lakini Obuya hakuweza kuacha kitu kilivyo. Hata pikapu yake ilijaa maandishi mbele, nyuma na ubavuni. Siku moja alimwonyesha Kiema bastola yake. Fundi mmoja wa mjini, asiye na leseni ya kugusa silaha za watu, alikuwa amekilegeza kifyatulio kikawa chepesi kama unyoya, kisha akachonga ubavuni maneno haya: KUJA UJIONEE.

"Hiyo yako ni ngumu kama lango la jela," Obuya alimtania. "Kesho nikupeleke kwa huyo jamaa, jirani."

Kiema akaingiwa na tamaa. Jioni alimweleza mkewe Kaluki, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Baba Mwende, hiyo si pikapu," Kaluki alisema bila kuinua macho. "Ulipewa cheti cha bastola ile waliyoiona. Ukiibadilisha, cheti kitakuwa cha silaha gani? Na siku hakimu atakapouliza kama ulikuwa ukijitetea au ukitafuta mtu wa kupiga, hayo maneno yatamjibu kabla yako."

"Mbona Obuya hajashtakiwa?"

"Bado hajalazimika kuitoa."

Kiema alinuna, na maharagwe yalipoiva akala. Asubuhi alimwambia Obuya kwamba hatakwenda, akamweleza alivyoonywa na Kaluki. Obuya alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe shemeji ndiye mwenye bastola."

Haukupita muda mrefu. Adhuhuri moja, Obuya akiwa dukani kwa Kiema kununua misumari, jambazi aliingia na panga mkononi. Obuya alichomoa bastola. Kabla hajainua mkono sawasawa, ikalia. Risasi iligonga sakafu, ikaruka na kumpata mguuni Muasya, mteja aliyekuwa akipimiwa waya. Kiema naye alichomoa yake, akalenga, akaanza kuvuta. Ule ugumu wa kifyatulio ukampa nafasi ya kuona kwamba panga limekwisha kuanguka na mwenye panga amepiga magoti. Hakufyatua.

Polisi walipofika, afisa alizilaza bastola zote mbili juu ya kaunta. Ya Kiema ililingana na cheti chake kwa kila hali. Akaigeuza ile ya pili, akasoma.

"Tujionee nini, mzee?"

"Ni mzaha tu, afande."

"Muulize yule anayevuja damu kama amecheka."

Bastola ya Kiema ilirudishwa baada ya uchunguzi. Obuya alinyang'anywa cheti, akashtakiwa. Wakili wake alitoka jasho kama mpishi wa harusi, kwa kuwa mwendesha mashtaka hakuchoka kuyasoma maneno yale. Ni kwa rehema tu, na kwa kuwa Muasya alipona na kumwombea msamaha, ndipo akahukumiwa kifungo cha nje.

Jumapili ya shukrani, Kiema alisimama kanisani. "Namshukuru Mungu," alisema, "kwa kunipa mke asiyenibembeleza."

Nje, Obuya alimfuata Kaluki. "Shemeji, mbona hukunionya na mimi?"

"Nilikuonya kupitia kwa mume wangu, ukacheka."

Obuya akainamisha kichwa. Kisha alimwona Muasya akishuka ngazi za kanisa kwa miguu yake mwenyewe, bila mkongojo. Akamkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachilie.

Kiema aliwatazama, akalifunga koti lake juu ya bastola yake isiyo na pambo. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.