Nani Ameonja Uyoga wa Nyanzobe?

Mliokaa, mmekaa?

— Tumekaa!

Wenye masikio?

— Tunayo!

Wenye njaa?

— Tupo!

Basi mtakoma, maana leo nina chungu, na hampati hata tone. Harufu ikiwafikia, mezeni mate mnyamaze.

Zamani hizo, wakati msitu ulikuwa bado unafika hadi nyuma ya nyumba, palikuwa na binti anaitwa Nyanzobe. Aliishi na baba yake, Mzee Shija. Mama yake alifariki mvua zikiwa zinaelekea kukata, na tangu siku ya maziko Mzee Shija hakula kitu. Uji, aliusukuma. Ugali, aliusukuma. Jogoo akachinjwa, jogoo mzima jamani, akasukumwa naye! Mzee akalala chumbani, kageukia ukuta, mabega yamebaki mifupa mitupu.

"Baba," Nyanzobe akamwambia, "utakula nini basi? Sema hata ukitaka mawe, nitachemsha."

Mzee akasema, uso bado ukutani, "Labda ile supu ya uyoga ya mama yako."

Nyanzobe hakungoja neno la pili. Alichukua kapu akaingia msituni.

Sasa sikilizeni vizuri, msije mkaniuliza baadaye. Supu ile ilitaka uyoga wa aina tatu. Kwanza, ule mweupe mpana wa kwenye kichuguu. Pili, ule wa njano kama kiini cha yai, unaoota chini ya mininga. Tatu, ule mdogo wa kijivu unaojibana kwenye magogo yaliyooza. Wa njano ni mgumu, unatangulia kwenye samli na kitunguu. Wa magogo unafuata. Wa kichuguu ni laini, unaingia mwisho. Halafu unamimina malai, ule utando mnene wa juu ya maziwa, uliokusanywa siku mbili nzima. Na moto uwe mdogo! Ukichochea kwa pupa, maziwa yanakatika na kazi yako yote unawamwagia kuku.

Na watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Uyoga una wema na una wauaji. Kwa hiyo aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mlaji. Akionja, anatia chumvi. Kisha anakaa. Anakaa mpaka kivuli cha nguzo ya barazani kitoke kwenye kinu kifike kwenye jiwe la kusagia. Kivuli kikifika naye bado mzima, watu wanakula. Mnaifahamu?

— Tunaifahamu!

Mnaifahamu. Lakini yuko mtu aliyeifahamu kuliko nyinyi.

Nyanzobe alikoroga supu yake hadi ikawa nzito, inang'aa, inapumua polepole. Akachukua upawa aonje. Hodi! Kageuka, nani? Baba mdogo Lubinza, mdogo wake Mzee Shija, tumbo mbele.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Ni uyoga huo? Wa msituni? Na unataka kuonja wewe?" Lubinza akashika kichwa. "Binti pekee wa kaka yangu! Ukifa wewe, nani atamchotea maji? Lete hapa upawa. Acha nife mimi, nimeshaishi."

"Baba mdogo, aliyepika ndiye..."

"Mtoto hamjibu mkubwa!"

Angefanyaje? Baba mdogo ni baba. Akampa upawa.

Lubinza akaonja. Akafumba macho. "Chumvi imekaa sawasawa," akasema. "Ila bado sijajua kama ni wema." Akaonja tena. "Wa njano namwamini. Wa kichuguu simwelewi." Akaonja tena, na tena, na tena, anamchunguza huyu wa kichuguu kama karani anayepima shamba. Hadi upawa ukakwangua chini ya chungu. Grr!

"Ni mzuri," akasema, akijifuta kidevu. "Msiwe na wasiwasi, mnaweza kula."

Tule nini? Nyanzobe alitazama chungu, akamtazama baba yake mdogo, akatazama chungu tena. Machozi ya hasira yalimjaa. Chumbani, Mzee Shija alikohoa akageuka upande.

Siku ya tatu yake, malai yamejaa tena, Nyanzobe akarudi msituni. Kichuguu, mninga, gogo. Akapika. Safari hii alifunga mlango wa jiko kwa kamba. Mlango ukatikiswa.

"Mama! Nasikia harufu ya hatari!"

"Baba mdogo, leo nitaonja mwenyewe. Tafadhali."

"Uonje mwenyewe nikiwa hai? Majirani watasema nini? Kwamba Lubinza alikaa akitazama mtoto wa kaka yake anajiua?" Akapiga kelele hadi majirani wakachungulia, na Nyanzobe kwa aibu akafungua kamba.

Nyinyi mngefungua?

— Hatufungui!

Mngefungua tu, waongo nyinyi. Lubinza akashika upawa. Akaonja. "Chumvi imekaa sawasawa. Ila bado sijajua." Akaonja tena. Grr! Chungu kikabaki kitupu, mtu akajifuta kidevu akaenda zake kulala.

Sasa mvua zikakata. Nyanzobe alizunguka msitu tangu asubuhi hadi jua likawa utosini, akapata uyoga wa njano kiganja kimoja, wa magogo konzi moja, na wa kichuguu vichwa vitatu tu, vya mwisho. Baada ya hapo ni mpaka mwaka mwingine. Na baba yake hakuwa mtu wa kufika mwaka mwingine. Asubuhi hiyo alishindwa hata kuinua kikombe cha maji.

Njiani akauona uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Mnaujua huo. Hata mbuzi anaujua. Nyanzobe alisimama, akaukodolea macho, akauzungushia jani akauchuma.

Alipofika nyumbani aliuweka peke yake kwenye ungo, mbali na mwenzake yeyote, pale mlangoni. Akapika. Wa njano, wa magogo, wa kichuguu, malai, moto mdogo. Supu ilipoiva, akauzika ule mwekundu kwenye shimo la jivu, akanawa mikono mara tatu, akabakiza ungo mtupu palepale. Mlango akauacha wazi.

"Hodi! Acha nife mimi!"

"Karibu, baba mdogo. Ufe tu."

Lubinza akashtuka kidogo, lakini tumbo lilishatangulia. Upawa wa kwanza. "Chumvi imekaa sawasawa." Upawa wa pili. "Ila bado sija..."

"Baba mdogo," Nyanzobe akasema, akitazama ungo, "hukuuona uyoga mwekundu hapa? Una madoa meupe. Niliuweka kwenye ungo huu, na sasa haumo."

Upawa ukaanguka. Puu!

"Mwekundu?"

"Mwekundu."

"Madoa?"

"Meupe."

Jamani, mnamjua mtu anayekimbia huku amekaa? Lubinza alitoka jikoni kwa makalio. Akalia mwarobaini! mwarobaini! Jirani akamletea kibuyu cha maji ya majani machungu, akanywa chote, akaomba kingine, akanywa, akajibwaga kwenye kinu amekikumbatia. "Nakufa! Kaka, nisamehe! Mimi sikuonja, nilikula! Cha kwanza nilikula, cha pili nilikula! Mama Nyanzobe, huko uliko usinisubiri!"

Majirani walicheka hadi wakashikana mabega. Nyanzobe hakucheka. Alimimina supu kwenye bakuli, akaingia chumbani, akapiga magoti.

"Baba. Karibu chakula."

Mzee Shija alijiinua kwa kiwiko. Alitazama bakuli kwa muda mrefu. Kisha akalisukuma.

Hapo ndipo Nyanzobe alipochoka. "Baba! Nimemaliza msitu! Nimemaliza malai ya ng'ombe! Nimetaka kumuua mdogo wako! Unataka nini tena?"

"Nani ameonja?"

"Baba mdogo ameonja. Ameonja vyungu vitatu!"

"Nauliza aliyepika."

Nyanzobe akahesabu. Vyungu vitatu, na ulimi wake haukuwa umegusa hata tone.

"Mama yako alikuwa anakaa pale," Mzee akasema, akionyesha kigoda. "Anaonja, ananitazama, tunangoja kivuli. Miaka yote hiyo. Sijui kula uyoga wa mtu ambaye hakukaa pale."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nitasemaje? Nyumba nzima ilikuwa kelele tu, wewe na Lubinza."

Nyanzobe akavuta kigoda akakaa. Akateka supu, akaonja mbele ya baba yake. Akakunja uso.

"Haina chumvi!"

Na kweli haikuwa nayo. Chumvi hutiwa baada ya kuonja, na kila alipotaka kuonja upawa ulinyang'anywa. Vyungu vitatu, sawasawa tatu, na punje ya chumvi haijaingia.

Mzee Shija akaguna. Mguno ukawa kicheko, kicheko kikawa kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Huko nje Lubinza akauliza, "Mnacheka nini na mimi nakufa?"

Nyanzobe akatia chumvi. Akaonja tena. Akamtazama baba yake, na baba yake akamtazama, na wote wawili wakachungulia nje kuangalia kivuli cha nguzo. Ndiyo kwanza kilikuwa kinatoka kwenye kinu, kinapita juu ya mgongo wa Lubinza. Kwenye jiwe kilikuwa bado mbali.

Mzee Shija alishanyoosha mkono kuchukua bakuli.

Chungu changu kimeisha, upawa nimeuosha. Aliyeshiba maneno na akalale. Mwenye njaa akapike, na aonje mwenyewe.